Kigari Chekundu Kilichogoma Kuzimika

Nianze na aibu yenyewe ili mcheke mapema tumalizane: mimi, kijana wa kiume mwenye digrii yake na miguu yake miwili mizima, nilimkimbia mama yangu mzazi mbele ya kanisa zima, nikaenda kujibanza nyuma ya simtanki la maji pamoja na jogoo aliyekuwa anasubiri kunadiwa. Jogoo alikuwa amefungwa miguu, kwa hiyo yeye ana utetezi. Mimi sina.

Na yote hayo yalitokana na kukata kona pale Miyuji, badala ya kunyoosha moja kwa moja kwenda kurudisha gari la watu.

Jina la gari silitaji, maana nawajua, mtaacha mkasa wangu muanze kubishana kuhusu injini. Itoshe kusema ni kigari cha Kijapani, chekundu, kifupi kama kiatu, kina milango miwili ya pembeni na mmoja mkubwa wa nyuma, tundu la kuvutia hewa juu ya boneti, gia za mkono, na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu. Kwa mbali unaweza kukidharau ukadhani ni vile vigari vya kwendea gengeni. Kikiwashwa unaomba radhi.

Nilikitamani kwa miezi, na miezi hiyo hiyo nilikuwa najikataza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhoji (nikiambiwa maji yamechemka, nauliza nani kapima). Nilijiuliza: kwa kazi yangu ya kupima viwanja, leo Ihumwa, kesho Nala, keshokutwa kwenye vumbi ambalo hata jina halijapewa, gari linalokaribia kulala chini litanifikisha wapi? Spea nitazipata wapi? Mafuta je? Na juu ya yote kulikuwa na mama, ambaye ana shamba lake la zabibu kule Makutupora na alikuwa ameshanichagulia pikapu.

"Yoeli mwanangu, humo zinaingia kreti ngapi?" aliniuliza nilipomwonyesha picha kwenye simu.

"Mama, hili si gari la kreti."

"Sasa ni la nini?"

Nikairudisha simu mfukoni.

Jumapili ya kwenda kulijaribu nilitegemea kukutana na kijana aliyegeuza kofia nyuma. Nyumbani kwa mdogo wa mwenye gari, kule Mlimwa, akatoka mama wa rika la mama yangu, hijabu ya kijani, miwani, ndala. Bi. Hadija, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti kutoka Kondoa, ambaye alfajiri ile alikuwa ameteremka na kigari kile peke yake hadi mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Yoeli wa maswali?" (Nilikuwa nimemtumia meseji nyingi kidogo. Sawa, nyingi sana.)

Nikamuuliza kwa nini analiuza, maana mwenye gari zuri haliuzi bila sababu. Akaangalia pembeni. "Wanangu," akasema. "Wanasema mwanamke wa umri wangu kuonekana ndani ya hiki ni kuwaaibisha. Wamenitafutia kingine, kikubwa, cheupe. Ukikiendesha ni kama unasukuma kabati."

Akaniambia pia kwamba mchana kuna kijana anakuja kutoka Bahi, mpunga wake umemkubali mwaka huu, na hana swali hata moja. Kwa hiyo nilikuwa na asubuhi ile tu ya kuamua: nalichukua, au linakwenda Bahi.

Akaliwasha mwenyewe, akaanza kunielekeza. Klachi ni nzito, gia ya pili haipendi papara, matuta uyapande kiupande. "Na hicho kidude chenye namba nyekundu hapo chini ya usukani, ukizima gari..."

"Samahani mama," nikamkata, "lita moja linakwenda kilomita ngapi?"

Akanijibu. Nikauliza la matairi. Akanijibu. Nikauliza la oili. Nilipomaliza, yeye alikuwa ameshasahau alipoishia, na mimi sikukumbuka kwamba kulikuwa na sentensi inadai mwisho wake. Akabaki na pikipiki yangu na kitambulisho changu, akasema, "Nenda hadi Makutupora urudi kabla ya adhuhuri."

Jamani. Niwaambie nini kuhusu ile barabara ya kaskazini asubuhi ya Jumapili, lami imetulia, malori machache, vilima vimekaa pembeni kama vinakuangalia? Gia ya tatu ukikanyaga, kwanza hakuna kitu, unaanza hata kuandaa lawama, halafu tabo linavuta pumzi na kiti kinakusukuma mgongoni kama mtu aliyechoka kukusubiri. Ukiachia mafuta linapiga chafya, pshh, na bomba la moshi linajibu kwa nyuma, tap tap. Kwenye kona halilali. Unalielekeza tu, linakwenda pale pale ulipokuwa unafikiria. Na mimi nisiyeamini matangazo wala sifa za wauzaji, nilikuwa nacheka peke yangu kwa sauti. Kidude cha namba nyekundu kilikuwa kinaonyesha 14.2, nikakidharau, nikadhani ni saa ambayo bado inafuata majira ya Japani. Injini sikuizima hata mara moja. Nani anazima muziki katikati?

Narudi, nimeshaamua, nafika Miyuji, na hapo akili ikaniambia: mama yuko kanisani hapo ndani, mpitishie aone, akisikia mlio wenyewe atasahau kreti. Nikakata kona.

Ibada ilikuwa imekwisha na watu wote wako nje, kwenye mnada wa matoleo, wananadi mayai, miwa, mabunda ya mchicha na huyo jogoo wangu. Nikaingia taratibu, kiupande juu ya tuta la getini kama nilivyofundishwa, bomba linaunguruma, na kwaya nzima ikageuza shingo.

Mama Tabu, rafiki wa mama na mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, ndiye aliyeniona kabla ya wengine. "Mbukwenyi!" akasalimu kwa kilugha cha kwetu. "Jamani Yoeli kanunua gari!" Na akapiga kigelegele ambacho nadhani Mvumi kilisikika.

Nikafungua mdomo niseme bado. Lakini mama alikuwa ameshafika, ameshika mashavu yangu kwa mikono miwili, yeye wa pikapu, yeye wa kreti, machozi yanamlenga, anasema, "Umenifuta uchungu, mwanangu, siku zote wananiuliza huyo msomi wako mbona bado anatimua vumbi na pikipiki." Ninyi mngesema bado? Mngelisemea wapi? Nikajiambia jambo lenyewe nimeshaliamua, limebaki saa moja tu liwe kweli, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliowahi. (Elimu ya juu inasaidia sana kwenye mambo kama haya.)

Mchungaji akaja, anatabasamu, mkono mbele. "Hongera, Yoeli. Wewe uliyeniuliza kwenye semina ya vijana kama maombi yamewahi kupimwa. Leo tunapima. Zima gari, nipe funguo, tuliombee."

Nikainama dirishani, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa, nikamwekea kwenye kiganja kwa mbwembwe kidogo.

Gari likaendelea kuunguruma.

Mchungaji akautazama ufunguo. Akalitazama gari. Akanitazama mimi. "Nimesema zima."

"Nimezima, Mchungaji. Ufunguo unao wewe."

Watu wakasogea hatua moja nyuma, wote kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi. Na feni ya injini, kana kwamba ilikuwa inasubiri hadhira, ikawaka, wuuuu, mlio ukaongezeka mara mbili. Mama Tabu akasema, "Yesu wangu," na safari hii haikuwa sauti ya kwanza wala ya pili. Mchungaji, mtu jasiri yule, hakurudi nyuma. Akaweka mkono juu ya boneti akaanza kuomba kwa nguvu, wamama wakaitikia, na mama yangu akaweka kiganja chake juu ya paa na kufumba macho.

Mimi si mtu wa mapepo. Nikajiambia kila kitu kina sababu, tafuta sababu. Nikachungulia ndani, na pale chini ya usukani ile saa ya Japani ilikuwa haionyeshi tena 14.2. Ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Namba nyekundu, zinashuka, moja baada ya nyingine, kuelekea sifuri.

Sasa hebu niambieni, ninyi mnaotazama sinema, kitu chenye namba nyekundu zinazorudi nyuma ni nini?

"Rudini nyuma!" nikapiga kelele, na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, nikawa wa kwanza kurudi. Nilirudi mpaka nyuma ya simtanki, sijui nilipitaje kwenye mayai. Jogoo akanitazama kwa jicho moja. Kutoka pale nikaona ambacho sitasahau: watoto wamekimbia, wazee wamekimbia, kwaya ya vijana haionekani, na kando ya gari wamebaki Mchungaji, Mama Tabu na mama yangu, macho wamefumba, mkono haujatoka juu ya paa. Nikatoa simu nikampigia Bi. Hadija, ikaita, akapokea.

Wakati huo huo Mchungaji akamaliza: "...na itulie sasa, Amina!"

Gari likazimika.

Ukimya ulioshuka pale uwanjani sijawahi kuusikia hata msibani. Na katikati ya ukimya huo, kutoka nyuma ya simtanki, kanisa zima likasikia sauti yangu ikipayuka kwenye simu: "Mama, ndani ya gari lako kuna bomu!"

Nadhani neno bomu hawakulijali. Walilijali lile lingine.

"Gari la nani, Yoeli?" mama akauliza, taratibu, bila kugeuka.

Upande wa pili wa simu Bi. Hadija alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Bomu! Mwanangu, hicho ni kitaima cha tabo, gari likitembea kinaonyesha umeme wa betri tu. Ukitoka kulikimbiza, ukizima linabaki linaunguruma kidogo tabo lipoe, kitaima kikifika sifuri linajizima lenyewe. Si ndiyo nilikuwa nakwambia ukanikata kwa habari za lita? Uko wapi?"

Alifika muda si mrefu, juu ya pikipiki yangu, anaiendesha mwenyewe, hijabu inapepea (na niwe mkweli, anaimudu kuliko mimi). Akasalimia, akaeleza, akachukua ufunguo kwa Mchungaji, akaliwasha, akalizima, likaendelea kuunguruma, watu wakaona. Kijana mmoja wa kwaya, Lameki, aliyekuwa amekimbilia mbali kuliko mimi, ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote: "Kaka mpimaji, umepima umbali wa kutoka hapa mpaka kwenye simtanki?" Mchungaji naye akajishika kiuno akacheka. "Basi tumeombea taima," akasema. "Si kitu, nayo ilikuwa na haraka ya Amina."

Mama hakucheka. Hakunitazama hata. Alikuwa anamtazama Bi. Hadija, kuanzia ndala hadi miwani, kwa muda.

"Dada, unaliendesha wewe?"

"Mwaka wa sita huu."

"Wewe mwenyewe? Kutoka Kondoa?"

"Panda uone."

Mama yangu, jamani, wa vitenge vya kupiga pasi, akakunja magoti akatumbukia kwenye kile kiti cha kubana kama anaingia kisimani. Wakatoka getini kiupande. Tukasikia gia ya pili, ya tatu, lile tabo likivuta pumzi kule barabarani, chafya, tap tap, na juu ya milio yote hiyo tukasikia mama akipiga ukelele ambao sikujua anao. Waliporudi kilemba kilikuwa shingoni. Wamama walikuwa wamejipanga getini, wanapiga vigelegele na makofi, na safari hii hawakumpigia mwenye digrii. Walimpigia Bi. Hadija, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na hana habari.

"Na unaliuza?" mama akamuuliza, bado anahema.

"Wanangu wanasema halinifai tena. Linawaaibisha."

"Waongo hao!" mama akasema. "Wanakuonea wivu. Umewasikia hawa hapa? Kuna aliyeona aibu? Dada yangu, gari hili usimpe mtu." Akaninyooshea kidole bila kugeuza kichwa. "Hata huyu."

Bi. Hadija akaweka mikono juu ya usukani, akawatazama wale wamama getini. Halafu akashuka akaja hadi nilipo, na nilijua kabla hajasema.

"Mwanangu, nisamehe. Na yule wa Bahi nitampigia. Nadhani nilikuwa nauza kitu ambacho bado nakitumia."

Mchungaji akamwambia gari limeshaombewa tayari, ila kwa jina la Yoeli. "Dua hairudishwi, Mchungaji," akajibu. "Naondoka nayo, huyu mtamwombea pikapu." Akapanda. Na ningependa kuwaambia niliumia, niliumia kweli, lakini alivyokata ile kona ya kutokea lami, kigari kimekaa chini kama kimeshikwa na barabara yenyewe, nilijikuta napiga makofi pamoja na wengine.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitampitishia mama kitu ambacho bado si changu. La pili, mtu akianza sentensi na "ukizima gari," nitanyamaza mpaka amalize, hata kama atamaliza kesho.

Juzi nimempelekea mama picha ya pikapu, nyeupe, safi, bodi refu, zabibu zake zote zinaingia na nafasi inabaki. Nilitegemea atarukaruka. Akaiangalia, akaikuza kwa vidole, akanirudishia simu kwa upole wa mtu asiyetaka kukuvunja moyo.

"Zuri," akasema. "Sasa hili, ukilizima, linanyamaza hapo hapo tu?"