Kiti Kilichorudishwa Karakana

Hospitalini walimwita Milimita. Alikuwa seremala wa karakana iliyo nyuma ya chumba cha kufulia, na kwa miaka kumi na tisa alitengeneza viti vya watoto ambao miili yao haiwatii. Kipimo kikienda kombo kwa unene wa ukucha, alibomoa akaanza upya, mzazi apende asipende.

Kwa hiyo bibi mmoja aliporudisha kiti wiki mbili tu baada ya kukichukua, Milimita alinuna. Kilikuwa cha mjukuu wa bibi huyo, binti wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo. Binti huyo alizungumza taratibu, lakini akili ilikuwa moto. Kiti kilimshika kiuno na kumnyoosha mgongo, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amekisifu mbele za watu.

"Kina kasoro gani, mama?"

"Hakina, mwanangu. Ila mtoto anakaa nyuma ya darasa peke yake."

Milimita akamjibu kwamba hayo ni ya mwalimu, si ya seremala. Bibi hakubishana. Alivuta benchi akaketi, akasema yeye atangoja tu. Alikaa hapo hadi mchana, akimtazama anavyopiga randa, na Milimita, ambaye hakuzoea kutazamwa, akapitisha msumeno nje ya mstari mara mbili. Mwishowe alivua aproni, wakaongozana hadi shuleni.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alieleza kuwa kiti kilikuwa kirefu kuliko madawati, na kile kimeza chake cha mbele kilikuwa kipana mno kupita kati ya safu. Nafasi ilibaki ukutani tu. Milimita akapiga magoti, akapima dawati, akapima njia. Miaka yote hiyo alipima watoto. Darasa hakuwahi kulipima hata siku moja. Aliandika vipimo vyote, akarudi karakana.

Kazi ilimchukua siku tatu. Alipunguza miguu ya kiti, akaondoa kimeza, na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu akakata ukingo wa dawati moja kwa mviringo ili kifua cha mtoto kiingie. Mtaalamu wa viungo akaja kukagua mgongo, magoti na nyayo, akaongeza kipande cha sponji ubavuni, akaridhika.

Mwisho wa mwezi bibi akatokea tena mlangoni. Milimita akamuuliza kuna nini safari hii.

"Kaadhibiwa," bibi akasema. "Anapiga soga na jirani yake huku mwalimu akifundisha."

Milimita alicheka mpaka akaweka randa chini.

Siku hizi kila mzazi huulizwa kwanza urefu wa dawati. Wengi hawaujui, naye huenda kupima mwenyewe. Shule mbili zimekataa katakata dawati lao likatwe, na watoto wa huko bado wanakaa ukutani.