Chumba cha Mama Chini ya Majlisi

Nyumba yetu ya Ibra, huku Omani, imejengwa kwenye mteremko. Mbele, upande wa barabara, unaona ghorofa mbili. Nyuma ardhi inashuka kuelekea mitende, na chini ya nyumba pamebaki chumba kikubwa kisicho na dirisha, tulichokiita sardabu. Marehemu baba alikuwa akiweka humo mitungi ya gesi, magodoro ya ziada na masanduku tuliyokuja nayo kutoka Unguja, ambayo hakuna aliyethubutu kuyatupa. Hicho ndicho tulichokigeuza chumba cha kulala cha mama. Nikiulizwa kilitugharimu nini, nachoka kabla sijajibu.

Magoti ya mama yaligoma. Vyumba vya kulala viko juu, na alifika mahali akishuka kula hapandi tena mpaka kaka yangu amshike kwapani na mimi nimsukume kwa nyuma, naye akituomba radhi kila ngazi. Daktari wa Nizwa alisema maneno mafupi: bimkubwa asipande ngazi tena. Kwa watu wengine jawabu lingekuwa wazi. Ghorofa ya barabarani ina chumba kikubwa kuliko vyote, chenye choo chake, kiyoyozi kipya na dirisha la kutazama wapita njia. Lakini chumba hicho ni majlisi.

Anayeishi huku ananielewa. Majlisi ni ya wageni wanaume, na wageni wanaume huja Idi, huja kwenye posa, huja kwenye msiba. Siku nyingine zote imefungwa, zulia limefagiwa, mito imepangwa ukutani, vikombe vya kahawa vimefunikwa, na sisi wenye nyumba tunapita mlangoni kwa kunyata. Nilipomwambia kaka tuweke kitanda cha mama humo, alinitazama kama niliyesema tufuge mbuzi.

"Na wageni?"

"Wageni gani, kaka? Wa mwisho walikuja lini?"

"Watu watatusema. Hivi tu wanatwita Wazinjibari, watu wa kuja. Unataka waseme nyumba ya baba haina hata majlisi? La, wallahi. Aib."

Neno hilo likishatamkwa huku, mazungumzo yamekwisha. Mama alikuwa akisikiliza. Akasema majlisi iachwe, yeye atalala popote. Alisema hivyo kwa sababu maisha yake yote amezoea kusema hivyo.

Mkandarasi alikuja, akanywa kahawa yetu, akatuambia kazi ni nyepesi: mlango wa nyuma, dirisha, choo, rangi. Bei aliyoitaja ilibebeka. Hakutwambia kwamba chumba cha chini ya ardhi mtu hukinunua mara kadhaa. Kwanza ulikuja mwamba. Ili dirisha lipate mwanga ilibidi wachimbe nyuma, na mashine ya kuvunja mawe ilikodiwa kwa saa, na mwamba wa Ibra hauna haraka. Halafu ukuta ukaanza kutoa jasho. Plasta ikabanduliwa, ukapakwa lami, ukapigwa plasta upya. Halafu ikaonekana sakafu ya choo iko chini kuliko shimo la maji machafu, kwa hiyo uchafu hauwezi kwenda wenyewe, lazima uvutwe juu na pampu. Halafu manispaa wakataka ramani ya mhandisi, na mhandisi akataka mlango upanuliwe, mlango ambao tulikuwa tumeshaulipia.

Kaka alichukua mkopo benki. Mimi niliuza bangili, kisha nikauza kiwanja changu cha Izki, nilichopewa na serikali, ambacho nilikuwa nikikijengea nyumba kichwani kila nikipita njia ya Nizwa. Nasema kweli, sikukiuza kwa moyo mweupe. Nililia garini, nikajipangusa, nikaenda kazini.

Mazungumzo yote na mkandarasi yalifanyika uani, chini ya dirisha la mama. Jioni nikimpelekea chai aliniuliza, "Bado tu? Si muache, mwanangu?" Nikamwambia karibu tunamaliza. Nilimwambia hivyo tangu joto lilipoanza mpaka lilipokwisha.

Chumba kilitoka kizuri, siwezi kukikashifu. Cheupe, kikavu, mlango wake usawa na ardhi. Mama alisifu kila kitu, hata bomba. Ila ngazi ya kutoka humo hadi jikoni ni kali, na kumpeleka mbele ya nyumba ni kumzungusha na kiti cha magurudumu juu ya changarawe za mteremko. Kwa hiyo tukawa tunamshukia sisi. Mimi asubuhi na jioni, kaka baada ya isha. Katikati ya hapo alikuwa na pampu, inayonguruma kila mtu anapofungua maji.

Ikafika Idi. Wanaume walijaa majlisi, wanawake wakapanda juu kwa wifi yangu, mimi nikawa jikoni. Kila mmoja aliniuliza bimkubwa hajambo, kila mmoja akatuma salamu. Hakuna aliyeshuka. Ngazi ile haikumvutia mtu aliyevaa nguo za Idi, na mimi mwenyewe sikupata nafasi. Nilipomshukia, wageni wamekwisha kwenda, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo yake mpya, anukia udi. Sinia ya halua iko mezani, haijakatwa.

"Wameshaondoka?"

"Wameondoka, mama."

"Alhamdulillahi. Majlisi iliwatosha?"

Nilipanda ngazi kwa hasira. Kaka alikuwa peke yake kati ya vikombe. Nilimwambia maneno mabaya, mengine siyarudii, na safari hii hakusema aib. Aliinama akaanza kuondoa mito ukutani. Tuliteremsha kitanda chake cha zamani kutoka juu sisi wawili, tukakiweka karibu na dirisha la barabarani, tukatandika shuka safi. Kisha tukazunguka nyuma na kiti kumchukua.

"Siendi," alisema mama.

"Mama, tumeshatandika."

"Tandueni. Miye nikisikia kila mlichotoa, dirisha langu lilikuwa pale pale juu. Leo nikitoka humu yote yatakuwa yamepotea bure. Nitakaa humu."

Kaka alipiga magoti akambusu kichwa. Alimbembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kiarabu. Mama alimpapasa mgongo tu, kama anayempoza mtoto, na hakuinuka.

Mpaka leo yumo humo. Nikimshukia asubuhi hunisalimu, kisha huniuliza kama deni la benki limekwisha. Siku moja nilichoka, nikamwambia limekwisha. Ulikuwa uongo. Nilidhani labda akisikia hivyo roho yake itatua, atakubali kupanda.

"Alhamdulillahi," alisema, akavuta shuka. "Basi sasa chumba kishakuwa chetu."

Akajilaza.