Siku Nilipojificha Bafuni kwa Wapangaji Wangu

Jamani, hili naliandika nikiwa nimeinamisha uso, maana mtaa mzima wa Makoko wanalijua na mimi ndiye sijawahi kulisimulia.

Mume wangu alipofariki niliuza ng'ombe aliowaacha Butiama nikanunua nyumba ya kupangisha hapa Musoma, ikiwa na wapangaji wake ndani, na shemeji yangu akanionya, "Watoe wote shemeji, hao wamezoeana na mwenye nyumba wa zamani, watakuchezea." Mimi kufukuza mtu siwezi (hata kuku wa jirani nawaombaga watoke), ila shaka ikaniingia: nikifika wananyamaza, nikigeuka wananong'ona.

Siku hiyo nikaamua nisipige hodi. Ndiyo kosa lenyewe. Nikanyata hadi bafu la mabati la uani, nikasimama humo na kitambaa changu cheusi cha msiba kichwani, nikatega sikio.

"Jumapili tunamtoa," mpangaji wangu Mama Nyamisi, mkaanga samaki, alikuwa anasema.

"Akikataa?" Huyo Mafuru, fundi nyavu.

"Asijue mapema. Tukiwa wengi atatoka tu."

Kunitoa! Kwenye nyumba yangu!

Kabla sijatoka humo, Mafuru akaja na ndoo yake kuoga, akakohoa, kama tunavyokohoaga wote ili aliye ndani naye akohoe, na mimi nikabana pumzi. Akaingia. Alipiga yowe la "Mwizi!", ndoo yote ikanimwagikia, majirani wakajaa uani, na mimi, badala ya kuomba radhi, maji yananichuruzika, nikapaza sauti, "Nimewasikia! Mnataka kunitoa kwenye nyumba yangu! Hameni wote!"

Mafuru akaokota ndoo yake.

"Mama," Mama Nyamisi akasema taratibu, "tunataka kukutoa msibani. Umekaa na weusi muda mrefu, na hatujaona ndugu anayekuja kukuvua hizo nguo za msiba. Kitenge tumeshanunua."

Nikatamani ardhi inimeze. Bibi mmoja wa jirani akadakia, "Haya, kuoga ameshaoga, leteni hicho kitenge!"

Uani kote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nikilia, mara ya kwanza tangu tumzike.

Wapangaji wote wamebaki. Kujificha, sirudii tena maishani. Na siku hizi kabla ya kuingia bafuni, hata kwangu ninakoishi peke yangu, nakohoa kwanza, nasubiri kidogo, ndipo naingia.