Benchi la Njiapanda

Mjukuu wangu alipoanza kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, niliwalaumu tembo. Kijiji chetu kizima cha Mkange kilikuwa kikiwalaumu. Walikuwa wameingia mashambani msimu huo wakala mahindi, na njia ya shule inakatiza vichakani. Mtoto akifunga viatu anatetemeka, uji haupiti, na mwalimu alishaniambia kwamba akiendelea hivyo hatafanya mtihani wa darasa la nne. Nilimchemshia majani yote ninayoyajua. Nikamtania, "Mke mwenzangu, tembo gani atahangaika na mifupa yako?" Hakucheka.

Waliokuja na mpango ni vijana wa kitongoji, walewale niliokuwa nikiwasema kwa kushinda juu ya pikipiki wakibishania mpira. Jumamosi moja walifika na mapanga, wakiongozwa na binti aliyemaliza kidato cha nne, mpole lakini king'ang'anizi.

"Shikamoo bibi. Tunakwenda kufyeka njia ya watoto. Tunamwomba na mjukuu wako."

"Marahaba. Naye akafyeke?"

"Hapana, bibi. Watoto wanatuonyesha tu wanapoogopa. Wakituonyesha, tunafyeka."

Nikajisemea, haya, masihara mapya. Lakini nilijifunga kanga nikawafuata, maana mtoto wangu simwachii mtu.

Mtoto mmoja alionyesha kichaka alimoona nyoka, kikafyekwa. Mwingine alionyesha shimo, likazungushiwa miiba. Tukafika penye nyayo za tembo, kila moja pana kama sinia. Nikamtazama mjukuu wangu. Akaruka ndani ya moja, kisha ndani ya nyingine, akapita.

Alikuja kusimama njiapanda, njia yetu inapokutana na barabara ya magari. Pale ni peupe, hapana hata jani.

"Hapa," akasema.

Yule binti akachuchumaa. "Hapa unaogopa nini, mdogo wangu?"

"Mama alipandia gari hapa. Nikitoka shule, bibi naye nitakuta kaondoka."

Mama yake, binti yangu, alikwenda Chalinze kuwapikia madereva wa malori. Simu anapiga, na nguo analeta. Ila aliondoka mtoto akiwa darasani, ili asimlilie. Ndivyo tunavyofanya sote huku, na tunaona tumewahurumia watoto. Moyo uliniuma, siwezi kuficha.

Vijana walisimama na mapanga yao, hapana cha kufyeka. Mmoja akamuuliza, "Sasa hapa tufanyeje?"

Mtoto akajibu papo hapo, "Bibi awe anakaa hapa."

Wakakata miti, wakaunda benchi na kuliezekea paa la nyasi. Basi nikawa na kazi ya kukaa. Kila mchana nasuka ukili wangu wa mikeka, mgongo unalalamika, mpaka atokee mbio na kuniparamia. Tumbo likaacha kuuma, uji akaanza kudai kikombe cha pili. Mtihani alifanya, akafaulu. Wale vijana siku hizi nikiwakuta juu ya pikipiki zao siwasemi tena, au nawasema kidogo tu.

Juzi alitokea na wenzake, wakicheka mambo yao. Nikaweka ukili chini, nikatanua mikono.

"Shikamoo bibi," akasema, kama anavyomwamkia mtu yeyote njiani, wakapita.

Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Na kesho yake mchana nilikuwa palepale. Yule binti alipita akaniona.

"Bibi, bado unakuja? Si mtoto ameshazoea?"

"Hebu nipishe," nikamwambia. "Mimi ndiye sijazoea."