Joka Lililouziwa Mlima

Kwenye chumba cha kumbukumbu cha hospitali kulikuwa na mwanamke ambaye hata madaktari wakubwa walimwogopa kidogo. Walimwita Mafaili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipanga majalada ya wagonjwa kwenye rafu za chuma, na hakuna aliyewahi kumwomba jalada akalikosa. Aliyerudisha moja bila kulifunga kamba alipewa jicho tu, na hakurudia tena.

Jumamosi mchana, mama huyu alikuwa mbeba ngao.

Mchezo wenyewe aliuleta mdogo wake wa kiume, fundi wa meno bandia. Kazi ikifungwa, watu wanne walikaa karakanani kwake kuizunguka meza yenye vumbi la plasta. Fundi alisimulia dunia na maadui. Wenzake watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake kwenye karatasi. Mchezaji alisema mhusika wake anafanya nini, na dadu lenye pande ishirini likaamua kama ameweza. Milima ilikuwa mifano ya plasta ya taya za watu, imepangwa safu. Na joka fundi alilifinyanga kwa nta ya waridi ya kutengenezea ufizi: mabawa, shingo ndefu, na sura ya mzee aliyekatizwa usingizi.

Aliliita Joka la Kutu. Halikutema moto. Pumzi yake ilikula chuma, na panga, deraya na kofia vilimomonyoka kama biskuti kwenye chai. Lilikuwa limeshamuua Mafaili mara tatu, na mara zote tatu alianza upya na karatasi safi, roho ikimuuma.

Mara ya nne akasema basi. Alikichukua kitabu cha kanuni za mchezo akakisoma wakati wa mapumziko, katikati ya rafu zake, mstari kwa mstari. Kwa miezi minane mbeba ngao wake alikusanya vitu visivyo na chuma hata chembe: ngao ya mbao ngumu iliyofunikwa ngozi ya nyati, mikuki yenye ncha za pembe, kamba za katani. Wenzake walipotaka kwenda kusaka hazina, yeye aliwaburuta msituni kutafuta nyati. Mwalimu wa hesabu, aliyecheza kama mpiga mishale, alivumilia. Shemeji yake Mafaili alilalamika kila wiki.

Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wao wa kike, dalali wa viwanja, mtu wa kuongea mpaka ukasahau ulichokuja kumwambia. Mhusika wake alikuwa mpiga zeze ambaye hakuwahi kuchomoa hata kisu.

Basi siku ikafika. Waliingia pangoni, joka likainua shingo, Mafaili akalishika dadu. Kabla hajalirusha, dalali akasema mpiga zeze anaomba kuongea na mzee.

Kwenye mchezo ule majoka makubwa si wanyama tu. Yana akili, yanajua lugha, na yanajua pia kuchoka. Dalali akaliuliza joka kama linalala vizuri na wageni hawa wa kila mwaka. Akalieleza habari za mlima mmoja kaskazini, mkavu, usio na jirani, wenye machimbo ya zamani yaliyojaa chuma. Akalichorea mipaka. Fundi, aliyelisemea joka, alijaribu kubana, akauliza maswali magumu, lakini kila swali lilipata jibu. Dadu likarushwa, likatoa kumi na tisa. Joka likakunja mabawa, likashukuru, likahama.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Mafaili aliweka karatasi yake kwenye mkoba, akafunga zipu, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi mbili hazikumwona. Wiki ya tatu, mdogo wake akamfuata kazini, akasimama kwenye dirisha la kupokelea majalada.

"Dada, nisingeweza kumkatalia shemeji. Alichosema kilikuwa na maana."

"Nilijiandaa miezi minane."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulitengeneza joka. Mimi nilitengeneza kifo chake."

Fundi akasema anaweza kulirudisha, aseme mlima haukulipendeza. Mafaili akamjibu kwamba akirudishiwa itakuwa amehurumiwa, na hakuja mjini hapo kuhurumiwa. Lilipo ndipo atakapolifuata.

Jumamosi iliyofuata akalifuata. Dalali aligoma kuandamana naye, akasema alishalipa joka neno lake, lakini mwalimu alikwenda. Na kila kitu kilikwenda kama Mafaili alivyopanga. Joka lilipumua, ngao ya mbao ikasimama. Likapumua tena, ikasimama. Mkuki wa pembe ukaingia chini ya bawa la kushoto, na fundi akaibonyeza nta kwa kidole gumba kuonyesha jeraha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo, Mafaili alitabasamu.

Kisha fundi akasema joka limerudi nyuma mpaka kwenye nguzo za machimbo, likazipiga kwa mkia. Paa likashuka.

"Hiyo umeitunga sasa hivi," Mafaili akasema.

Mdogo wake hakubishana. Alimfungulia daftari lake, ukurasa wa miezi minane nyuma, wenye tarehe na mwandiko uleule: likizidiwa, litaangusha paa. Mafaili alisoma mara mbili. Maandishi yalikuwa mahali pake, na yeye hakuwa mtu wa kubishana na jalada.

Ili kuruka pembeni alihitaji kumi na tano. Akapata kumi na moja.

Mpiga mishale alitoka salama. Mbeba ngao alibaki chini ya mawe pamoja na ngao yake nzima. Joka nalo likabaki na bawa lisilokunjuka, na hasira ambayo hakuna mlima ungeituliza. Mafaili alitembea nyumbani akijisemea. Kilichomkera hasa hakikuwa kufa, alishakufa sana. Alikuwa amejua kila kitu kuhusu pumzi ya joka lile, na hata siku moja hakujiuliza linafikiri nini. Aliyejiuliza ni shemeji, mtu asiyesoma kitabu, anayekula karanga juu ya ramani.

Wiki nzima pale hospitalini walimpisha njia.

Jumamosi alifika kabla ya wote, na karatasi tupu. Dalali alipoingia, Mafaili akamvutia kiti karibu yake. Uso ulikuwa umekunjamana vilevile.

"Shemeji, kaa hapa. Niambie ulichoongea na lile joka. Neno kwa neno, na usiongeze chumvi."

Dalali akaanza kusimulia. Kwenye sentensi ya pili tu Mafaili akamkatiza, akamwambia arudie polepole, maana alikuwa anaandika.