Msiba wa Ghorofa ya Tatu

Mtaa niliokaa Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini ulikuwa kijiji kilichomezwa na jiji. Majengo yalibanana kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono dirishani nikamwazima jirani wa jengo la pili chumvi, na jua lilitupitia mchana kidogo tu, likaenda zake. Nilikuwa nanunua vitambaa kule soko la Zhongda na kuvipeleka Dar es Salaam. Nilipanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, na kituo cha polisi cha mtaa kilikuwa kimeniandikisha mwanamke mmoja, Mtanzania, anayeishi peke yake.

Chini, kando ya lango, palikuwa na ubao wa matangazo wa kamati ya mtaa. Wenyewe waliusoma kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mikono nyuma, bila haraka. Mimi nilitegemea michoro. Bomba lililopigwa mstari wa kulikata maana yake maji yatakatika, jaza ndoo. Panya aliyelala chali maana yake wametega sumu, usiguse chochote pembeni ya ngazi. Michoro ikinishinda nilimsubiri mama mwenye nyumba apite, naye alinieleza kwa vidole na kwa Kichina changu cha sokoni, ambacho kilikuwa kizuri kwenye bei na kibovu kwenye mambo mengine yote.

Kando ya ubao ule alikaa bibi mmoja kwenye kigoda, kitambaa chekundu kimefungwa mkononi, anafuma sweta. Huyo ndiye alikuwa ulinzi wa mtaa. Hakuwa na rungu wala filimbi. Kila nikipita aliniuliza kama nimeshakula, kisha ananiuliza naenda wapi, kisha macho yake yanashuka kwenye mfuko niliobeba. Nilimwamkia kwa heshima zote, mkono kifuani, maana ndivyo nilivyolelewa, na nilimwogopa tangu siku ya kwanza.

Nilimwogopa kwa sababu nilimjua. Mama yangu mzazi alikuwa balozi wa nyumba kumi pale kwetu Ilala, enzi ambazo mgeni hawezi kulala mtaani bila balozi kujua katoka wapi na ataondoka lini. Mama hakuwa mtu mbaya. Alipika uji kwa ajili ya wagonjwa wa nyumba zote kumi, alipatanisha wanandoa, na mara moja alimpeleka kituoni mtoto wa rafiki yake kipenzi, kisha akaenda kukaa na huyo rafiki wakalia pamoja. Watu wa namna hiyo hawana hila, na ndiyo maana huwezi kuwakwepa.

Mambo yangu yalikuwa safi mpaka alipokuja kaka yangu. Alikuja kununua jinzi Xintang, kwenye karakana zinazozishona, maana duka lake lote la Kariakoo alikuwa ameligeuza la jinzi. Karakana aliyoipa kazi ikashona ukubwa usiofaa, yeye akakataa kupokea, wao wakakubali kurudia, na kurudia kukavuta wiki baada ya wiki. Kila akienda kudai, laoban, yaani bosi wa pale, alimpa chai na kumwambia hakuna, bado, wiki ijayo. Viza yake ikaisha huku anakunywa chai za watu. Angekamatwa kabla jinzi hazijapanda kontena, wangemweka ndani kisha wamrudishe nyumbani mikono mitupu, na ule mzigo karakana ingemuuzia mwingine. Tukapatana akae kwangu bila kuonekana mpaka mzigo utoke, kisha aende mwenyewe uwanja wa ndege akakubali kosa na kulipa faini.

Kuanzia hapo kaka, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wanne, akawa anaishi kwangu kama mali ya magendo. Viatu vyake nilivitia mfukoni nikavisukuma uvunguni. Sisi hatuingii ndani na viatu, na pale mlangoni jirani yeyote anayepanda ngazi angeviona, kwa hiyo amri yangu ilikuwa moja: nje vikae vyangu tu. Fulana zake nilianika bafuni, zikanuka uvundo, akalalamika, nikamwambia akatafute hoteli. Alipokohoa nilipandisha redio. Tuligombana kwa kunong'ona, na sijawahi kuchoka kwa ugomvi kama ule wa kunong'ona.

Lakini bibi alikuwa kazini. Siku moja aliuinua mfuko wangu wa mchele kidogo kwa kidole, kama mtu anayepima, akacheka akasema nimeanza kula vizuri. Siku nyingine alinionyesha takataka zangu, maganda ya mihogo na mifupa ya samaki, akauliza kama nina wageni. Nikasema hapana. Akaniuliza tena, watu wangapi? Nikainua kidole kimoja. Akakitazama kile kidole muda mrefu kuliko kilivyostahili, akarudi kwenye sweta lake.

Wiki hiyo ubaoni ukawekwa mchoro mpya. Mtu mwenye nywele za kipilipili na pua pana, sanduku mkononi, na pembeni yake mlango wenye jicho. Mama mwenye nyumba alipita, hakunifasiria. Alinishika kiwiko akanivuta hadi kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mgeni asiyeandikishwa, mwenye nyumba naye anaadhibiwa. Kisha akaniuliza kama bomba langu linavuja, kwa sauti ya juu, ili asikike chini. Nikajibu kwa sauti ile ile kwamba linavuja, nikapanda ngazi.

Jumapili nilikwenda kibanda cha simu kupiga nyumbani kama kawaida yangu. Alipokea mjomba. Hakuzunguka sana. Alisema mama ameanguka uani jana asubuhi, na alasiri wameshamzika. Nilibaki nimeshika ile simu mpaka mwenye kibanda akaanza kunigongea kioo.

Kumwambia kaka ndiko kulikuwa kugumu, kwa sababu hata kulia ilibidi alie kwa kuuma mto. Mimi nilikuwa na ruhusa ya kupiga kelele, lakini sikuweza, nikimtazama yeye mabega yanavyotikisika bila sauti.

Sasa, Waswahili tuliokuwa Guangzhou siku zile tulikuwa wachache na habari zilitufikia kabla ya wenye habari. Mzee mmoja wa Kizanzibari, mfanyabiashara wa vyombo ambaye ndiye aliyetusalisha, aliniletea ujumbe kwamba watakuja alasiri kusoma hitima. Nilimweleza hali ya kaka, ingawa alikuwa anaijua. Nikamwomba waje wawili wawili, wakae kidogo, waondoke, na viatu waingie navyo ndani wameshika mkononi. Akakubali, akawaambia wote, na wote wakakubali.

Kukubali ni jambo moja. Mtu akifika mlango wa msiba hana akili ya kukumbuka maagizo. Miguu inajua yenyewe inachofanya. Wa kwanza alivua kandambili pale nje akaingia akilia, wa pili akamfuata, na mimi niliyekuwa nimekumbatiwa na mwanamke wa Tanga, uso wangu uko kwenye ushungi wake, sikuona. Tena nani anatoka katikati ya hitima? Waliokuja wawili waliketi, wengine wawili wakaja, wakagawana majuzuu, na hata Wakristo wa Moshi na Mwanza tuliofanya nao biashara walikuja wakakaa ukutani kimya. Kaka alivaa kanzu ya mzee, akakaa katikati, na kila aliyeingia alimpa mkono wa pole kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimpe habari alilia kwa sauti. Nilifurahi kumsikia, na hapo hapo nikawaza walio chini wanaomsikia.

Nilifungua mlango kidogo. Bibi alikuwa amechuchumaa pale nje, kitambaa chekundu mkononi. Viatu vilikuwa vimejaa mpaka ngazi za chini, naye alikuwa anavipanga jozi kwa jozi, vya wanaume upande wa ukuta, vya wanawake upande wa ngazi, polepole, bila kukosea.

Nikamwambia kwa maneno niliyokuwa nayo: mama yangu amekufa. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, na macho yake yakajaa machozi. Hayakuwa ya kuigiza. Akanong'ona maneno marefu ambayo sikuyaelewa ila moja, mama. Kisha akatazama juu ya bega langu, ndani, akamwona kaka na watu wanavyomwinamia. Hakuuliza huyo ni nani. Mtu aliyeona misiba mingi anamjua mfiwa hata kama hajui lugha. Akashuka, na baada ya muda mfupi akarudi na mfuko wa machungwa, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Wageni walipokuwa wanaondoka mzee alimwambia kaka ajifunike wafuatane, akajisitiri kwake ng'ambo ya mto. Wengine wakaunga mkono. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuvuta mfuko wa viatu uvunguni.

Kaka akasema, "Nimemlilia mama yangu kwenye mto, mdomo umefungwa. Sasa mnataka nikamlilie chooni kwa watu. Siendi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia jinzi zake, watoto wake, uzembe wake, vyote nikavimwaga pale mbele ya watu, na mzee akaniambia, "Mwanangu, muache. Leo ni leo yake."

Walikuja asubuhi, wakati nachemsha chai. Polisi wawili vijana, na bibi mbele yao. Mmoja alitaka kuingia, bibi akampiga kofi dogo mkononi akamwonyesha miguu yake, na wote wawili wakainama wakafungua kamba za viatu. Wakaingia na soksi. Polisi yule mkubwa akaniuliza huyu ni nani, na mimi, kwa woga, nikasema mgeni, amekuja jana, anaondoka leo.

Kaka alikuwa ameketi pale pale alipoketi jana, na ile kanzu. Akaniambia, "Usinisemee uongo, mdogo wangu. Siku ya pili hii ya msiba." Akasimama, akampa polisi pasipoti yake kama anayempa nauli kondakta.

Bibi alibaki nyuma wakati wanashuka naye. Alikunja mkeka tuliosomea hitima, akauegemeza ukutani, akanisogezea kikombe cha chai iliyokuwa imeshapoa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia aketi. Sikufanya lolote, naye akaondoka.

Kwa majuma nilikuwa sijui wamempeleka wapi. Kituoni waliniambia hayuko, kwingine wakaniambia nisubiri, na pa tatu wakaniambia, umerudi tena wewe. Nilikwenda Xintang mara kwa mara kusimamia jinzi zake mpaka nikaziona zinapanda kontena, maana ndilo jambo pekee lililokuwa mikononi mwangu. Ubaoni ikatundikwa picha ya bibi, ua jekundu kifuani, anapeana mkono na mkuu wa kamati. Mama mwenye nyumba alinisomea siku hiyo bila kuombwa: mtaa wetu umesifiwa kwa ulinzi. Nikasema vizuri. Nilikaa mtaa ule mwaka mzima mwingine, na bibi hakuacha kuniuliza hali, nami niliitika, kwa sababu bado nilihitaji kulala pale.

Kaka alipiga simu kibandani siku moja mchana, mwenye kibanda akaja kuniita mbio. Alikuwa Dar. Sauti yake ilikuwa imekonda. Nilimwambia mzigo uko baharini, akasema alhamdulillahi, lakini kwa namna ambayo mtu anaitikia habari ya mwingine. Nikamuuliza alikuwa wapi muda wote huo, wamemfanya nini.



"Nimetoka makaburini sasa hivi," akasema. "Nimemwambia mama yote, na yeye ndiye aliyestahili kuyasikia. Wewe usiniulize."

Amezeeka sasa, na mimi vilevile. Akisikia mtu anapanda ngazi nyumbani kwake, hunyamaza katikati ya sentensi na kusubiri mpaka miguu ipite, nami hunyamaza naye.