Hester Anahama Kampuni ya Simu

Hester Barraclough alikuwa fundi wa makochi na viti pale Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, na hakuna neno lililomchefua kama "tupa". Ukimpelekea kiti cha babu yako, springi zimetokeza nje na kitambaa kimetafunwa na panya, atakizunguka, atakigonga mbao kwa vidole, halafu atasema, "Huyu bado mzima." Kwa hiyo siku binti wa duka la simu alipomwambia kwamba simu ya miaka mitatu kama yake haibadilishwi betri, aitupe tu apewe mpya kwenye mkataba, Hester aliona ametukanwa.

"Ni betri tu, binti. Simu yenyewe haina ugonjwa."

"Lakini hii mpya ina kamera tatu."

"Mimi nina macho mawili na yananitosha."

Alirudi nyumbani amefura. Mumewe Desmond, dereva wa basi aliyestaafu, alikuwa jikoni anapaka siagi mkate. Alipouona uso wa mkewe akajua chai itanywewa kwa hotuba.

Kumbe Hester alikuwa na karatasi mfukoni tangu Alhamisi, aliyopewa sokoni. Ilikuwa ya ushirika wa simu ambao wamiliki wake ni wateja wenyewe. Ofisi zao zinatumia umeme wa upepo. Simu za zamani wanazitengeneza na kuzirudisha kazini. Kodi wanalipa nyumbani, hawaikwepi kwa kuficha fedha visiwani. Kila mwanachama ana kura moja, awe na karakana ya viti au kiwanda kizima.

"Tunahamisha zote," alisema Hester alipomaliza kumsomea. "Laini ya nyumbani, laini ya karakana, na hizi mbili za mkononi."

"Mke wangu, simu inalia, unapokea, unasema halo. Upepo unaingiaje hapo?"

"Kula mkate wako, Desmond."

Kesho yake aliipigia kampuni ya zamani kuaga. Walimpitisha kwa watu watatu, mwisho akaangukia mikononi mwa bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwabembeleza wanaoondoka.

"Mama Barraclough, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nahama tu."

"Nikikupa filamu za bure miezi sita?"

"Sitazami filamu."

"Mpira je?"

"Baba, ningekuwa nakuacha wewe kama mume ungeshaelewa. Nahama!"

Ushirika ulipokea simu kabla hajamaliza kuvuta kiti. Mwanamke aitwaye Nesta, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri, alimwandikia fomu taratibu. Hester alimsisitizia jambo moja tu: namba ya karakana isipotee. Ilikuwa namba ya baba yake, fundi kabla yake, na ndiyo pekee iliyobaki kichwani mwa mama yake.

Mama huyo, Bi Thirza, alikuwa na miaka tisini na moja, anaishi nyumba ya wazee kule Walsden. Alikuwa amesahau mengi. Alisahau kama amekula, alisahau kwamba mumewe amekufa. Lakini kila siku saa nne asubuhi alichukua simu ya kitandani akabonyeza namba ile bila kutazama, akauliza karakana wana kazi gani leo.

"Haipotei," alisema Nesta.

Ilipotea.

Siku ya kuhama, laini tatu zilihama salama, ya karakana ikazimika. Ushirika ulikuwa umeandika nyumba namba kumi na nne badala ya arobaini na moja. Kampuni ya zamani ilipoona anwani hazilingani, badala ya kuuliza, ikaikata laini na kuitupa namba kwenye kapu la namba zisizo na mwenyewe. Hester alipowapigia, walimwambia auulize ushirika. Ushirika ulisema namba iko kule. Kule wakasema hawawezi kuzungumza naye kuhusu laini hiyo kwa sababu yeye si mteja wao tena.

"Ni kweli, si mteja wenu! Ndiyo maana nataka namba yangu!"

"Pole sana, mama. Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia leo?"

Nesta hakujificha. Alipiga kila siku na kukiri kosa la anwani lilikuwa lao. Siku ya nne Hester uzalendo ukamshinda. "Nesta, mimi nilitafuta kampuni yenye adabu. Nimepata inayojua kuomba radhi."

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa Walsden. Bi Thirza alipiga akasikia mlio wa laini iliyokufa. Akapiga tena, na tena. Akawaambia wauguzi kuwa karakana imeungua na watu wote wamo ndani, akakataa kula. Hester akawa anafunga kazi kila siku saa tano kwenda kukaa naye. Alimbandikia ukutani namba ya mkononi, kwa tarakimu kubwa kama za basi.

"Hiyo namba ya nani?" aliuliza mama.

"Yangu, mama."

"Siijui."

Wiki ya tatu Hester alifika akamkuta mama ametulia, anamung'unya biskuti.

"Leo umeamka vizuri."

"Nimeongea na karakana. Yule msichana alikuwa anamwogesha mbwa."

Hester alitabasamu kwa shida, akambusu, akatoka nje. Aliketi ndani ya gari akalia, kwa kuwa aliona mama yake sasa ameanza kuongea na hewa.

Alipofika nyumbani, ni Desmond aliyeuliza, sahani mkononi, "Hivi toka wakate, wewe mwenyewe umeshaipiga?"

"Nipige laini iliyokufa ili iweje?"

Desmond akachukua simu. Alipiga. Ikaita. Akamkabidhi mkewe simu kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Saluni ya mbwa, Bacup, Bryony hapa."

Nyuma ya sauti kulikuwa na mbwa anabweka na maji yanamwagika. Hester alijieleza kwa kigugumizi. Bryony akaangua kicheko.

"Wewe ndiye Hester? Mamako anakusema, weee! Anasema hujui kupigilia misumari, unaipinda yote."

"Anakupigia?"

"Saa nne kamili. Mimi nimefungua duka juzi tu, wakanipa namba hii. Siku ya kwanza nilimwambia amekosea, akalia. Kesho yake sikumwambia tena. Nikamwambia kuna kazi nyingi. Si uongo, nina mbwa hadi mlangoni."

Hester akauliza, kwa aibu, kama namba hiyo ameshaichapisha popote.

"Imo kwenye gari, ubavu mzima," alisema Bryony. "Lakini gari linapakwa rangi upya. Mamako hapakwi."

Ungedhani yaliishia hapo. Kampuni ya zamani, ambayo ndiyo iliyompa Bryony namba, ilisema mmoja aiachie na mwingine aidai saa hiyo hiyo, vinginevyo itarudi kapuni. Kwa hiyo Jumatatu, siku ya Bryony ya mapumziko, akaja Todmorden kutoka Bacup, mji wa jirani, mwanamke mnene mcheshi, manyoya yamemganda kwenye sweta. Wakakaa wawili karakanani kwenye kochi lisilo na mito, kila mmoja na simu yake sikioni, zote zinapiga muziki ule ule kwa kupishana kidogo.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," ilisema sauti ya mashine.

"Ingekuwa muhimu mngepokea!" Hester aliifokea.

"Dada, ni mashine hiyo."

"Naijua! Acha niiambie!"

Bryony alipokewa kwanza, Hester bado anasubiri. Bryony akalazimika kumshikilia yule wa kampuni kwa maneno: akamweleza viroboto, akamweleza kucha za mbwa wazee, akamuuliza kwao ni wapi. Laini ya Hester ikakatika. Wakaanza upya. Saa nane mchana Nesta naye aliingia kwa simu ya Desmond, akabaki hewani mpaka namba ilipotua ushirikani. Hester alipoipiga, simu nyeusi ya ukutani mwa karakana ikalia. Desmond akapiga makofi. Hester akamwambia aache ujinga, kisha akajifuta macho.

Bi Thirza hakufurahi kama walivyotegemea. Kesho yake saa nne alimsikia Hester akasema, "Nipe yule msichana." Namba mpya ya Bryony haikuweza kumwingia kichwani. Basi ikawa kila Jumatatu Bryony anashuka kutoka Bacup kabla ya saa nne, anapokea, anaulizwa habari za mbwa, anasikiliza Hester akisengenywa, kisha anakunywa chai.

Masika yalipofika ushirika uliitisha mkutano wa wanachama Manchester. Hester alikwenda kugomba, Desmond akiwa nyuma yake. Alipopewa dakika tatu alitumia kumi. Walimsikiliza, wakapitisha kwamba hakuna namba itakayohamishwa kabla mtu, si mashine, hajamsomea mteja anwani yake. Angeishia hapo, lakini alikuwa amepata moto.

"Na hizi simu mnazouza, madini ya betri yanachimbwa wapi?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Mengine Kongo. Kiwanda tunakijua. Shimo hatulijui."

"Basi lijueni!"

Wakabishana karibu saa nzima kama waandike "tutajitahidi" au "tutahakikisha". Mzee mmoja alitaka "tutadhamiria". Hester alikuwa wa "tutahakikisha", na "tutahakikisha" ilishindwa kwa kura chache. Desmond, aliyesema hatapiga kura ya kitu chochote, alinyoosha mkono upande wa mkewe, mkono huo huo umeshika mkate wa yai.

Treni ya kurudi nyumbani ilikuwa inapita Rochdale.

"Sasa unahama tena?" aliuliza Desmond.

"Nihamie wapi? Kule kwingine hata kura ya kushindwa sikuwahi kupewa."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu, akaanza kuandika hoja ya mwaka ujao nyuma ya ajenda, huku akimlaumu Desmond kwamba goti lake linatikisa meza.